Kabla ya kuhamia Ngorongo, uliza maji kwanza, bei ya ekari baadaye

KODI ya nyumba, nauli na bei ya chakula jijini Dar es Salaam vimewafanya watu wengi waitazame upya barabara ya Kilwa. Wapo wastaafu wenye kiinua mgongo mkononi, vijana waliomaliza masomo bila ajira, wauza mitumba waliochoka kuhamishwa kila mwaka, na wakulima wa mikoa ya bara ambao mashamba yao yamegawanywa kwa watoto hadi hayatoshi. Wote husikia habari moja: Rufiji kuna bonde kubwa, mto usiokauka na ekari ambazo bei yake haifiki kodi ya fremu ya duka Kariakoo.

Habari hiyo ina ukweli, lakini ni nusu tu ya habari. Mtu anayehamia Rufiji hapati ardhi peke yake. Anahamia pia kwenye ratiba ya mto, na ratiba hiyo imebadilika tangu Desemba 2022, bwawa la kuzalisha umeme la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa. Anayenunua shamba leo kwa maelezo ya mavuno ya miaka kumi iliyopita anaweza kulipia kitu ambacho hakipo tena.

Kata ya Ngorongo, wilayani Rufiji mkoani Pwani, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Iko katika bonde la mto, upande wa magharibi wa Kibiti, njia ya kwenda Mkongo na Mloka. Chini kidogo mto unapita Utete na daraja la Mkapa, kisha unagawanyika katika matawi mengi ya delta, wilayani Kibiti, kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Kinachotokea juu ya Ngorongo hufika Ngorongo kwanza, kisha huwafikia wa chini.

Kufika huko si taabu kama zamani. Kibiti iko kama kilomita 140 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya lami. Kabla ya daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, kufunguliwa mwaka 2003, magari ya kwenda kusini yalivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mto ukifurika safari ilisimama. Daraja ndilo lililoifanya Rufiji ionekane karibu machoni pa wahamiaji na wafanyabiashara. Mwaka 2015 eneo la kaskazini na la delta lilitengwa likawa wilaya ya Kibiti, na mji wa Kibiti ukapata hadhi ya makao makuu.

Mto ndio kalenda

Wenyeji wa bonde, Warufiji na Wandengereko, hawakulima kwa kufuata mvua peke yake. Walilima kwa kufuata mvua na mafuriko kwa pamoja. Mpunga hupandwa bondeni mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Januari, ili uwe umesimama imara kabla ya mto kujaa kati ya Machi na Mei. Huvunwa Juni na Julai. Maji yakishashuka, ardhi iliyobaki na unyevu hupandwa mahindi, kunde na maboga, na mazao hayo hukomaa wakati wa kiangazi bila tone la mvua. Kilimo hicho cha pili ndicho kiitwacho mlau.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hasara ya msimu mmoja ilifidiwa na msimu unaofuata. Mafuriko makubwa yakizamisha mpunga, huacha tope lenye rutuba na unyevu mwingi, na mlau unakuwa mzuri. Mafuriko madogo huacha mlau dhaifu, lakini mpunga umepona. Mkulima wa Rufiji alikuwa na bima bila kulipa kampuni yoyote. Aidha, maji hayohayo yalijaza maziwa ya bondeni, kama Ruwe na Zumbi, na kuingiza samaki wapya, hasa perege na kambale. Kwa hiyo kitoweo na fedha ya haraka vilitoka ziwani wakati zao likisubiriwa.

Mpango huo pia ulikuwa na gharama yake. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha maelfu ya watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya sehemu za juu, katika Operesheni Rufiji, iliyotangulia operesheni nyingi za vijiji nchini. Shule, zahanati na visima vilijengwa juu. Mashamba yalibaki chini. Tangu hapo familia nyingi zina makazi mawili: nyumba kijijini, na dungu shambani, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mtu hukaa kulinda mazao dhidi ya ndege, ngedere, nguruwe mwitu na viboko. Mgeni anayepanga bajeti ya nyumba moja amekosea hesabu tangu mwanzo.

Ratiba mpya

Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 za maji, na mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024 na yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Kwa taifa hilo ni jambo kubwa. Kwa mkulima wa Ngorongo lina maana moja zaidi: maji yanayopita mbele ya shamba lake sasa huamuliwa pia na mahitaji ya umeme.

Kwa kawaida bwawa la namna hii hubadilisha mambo matatu. Kwanza, maji ya kiangazi huongezeka, kwa sababu mitambo huendeshwa mwaka mzima. Pili, mafuriko madogo na ya kati hupungua, kwa sababu maji yanazuiwa juu. Tatu, tope lenye rutuba hubaki ndani ya bwawa. Wakulima wa Misri waliyaona hayo baada ya bwawa kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970: walipata maji ya kumwagilia mwaka mzima, lakini walianza kununua mbolea kwa ardhi iliyokuwa ikirutubishwa na mto bure.

Hata hivyo, bwawa haliondoi mafuriko yote. Likijaa, maji lazima yapite. Mwaka 2024, mvua za El Nino zilipoleta maji mengi, milango ya bwawa ilifunguliwa, na hadi Aprili nyumba na mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti yalikuwa chini ya maji. Serikali ilieleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Waathirika wengi walilalamika kwamba ni bwawa lililowaletea maji. Mkulima anayepanga msimu ujao anahitaji kujua jambo ambalo pande zote mbili zinakubaliana: maji makubwa bado yanaweza kuja, na siku ya kuja kwake sasa inahusiana na kiwango cha maji ndani ya bwawa.

Hivyo basi, swali la kwanza kwa anayeonyeshwa shamba Ngorongo lisiwe bei. Aulize: maji ya mwaka 2024 yalifika wapi hapa? Miaka ambayo mto haukutoka kingo zake, shamba hili lilipata unyevu kutoka wapi? Shamba la mlau ambalo halifikiwi tena na mafuriko madogo limegeuka kuwa shamba la mvua, na bei yake iwe ya shamba la mvua. Kwa upande mwingine, shamba lililo karibu na mto ambao sasa una maji zaidi wakati wa kiangazi linaweza kufaa kwa pampu ndogo na mboga, mradi mkulima azingatie Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Ekari rahisi, shamba ghali

Tuchukue mfano wa familia inayoanza na ekari tatu za mpunga. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu, kila msomaji aweke za kwake, lakini uwiano wake hautofautiani sana na hali halisi.

Ardhi pamoja na ada za kijiji, sh. 900,000. Kufyeka na kung'oa visiki, sh. 450,000. Kujenga dungu na kukarabati chumba kijijini, sh. 350,000. Kulima kwa trekta, sh. 210,000. Mbegu, sh. 150,000. Palizi, sh. 300,000. Kuamia ndege na kulinda wanyama kwa miezi mitatu, sh. 300,000. Kuvuna na kupura, sh. 360,000. Magunia na usafiri, sh. 180,000. Chakula na mahitaji ya familia kwa miezi minane kabla ya kuvuna, sh. 1,600,000. Jumla ni sh. 4,800,000. Ardhi iliyomvutia mgeni ni chini ya moja ya tano ya fedha hizo.

Tuseme msimu unakwenda vizuri na ekari moja inatoa magunia tisa, jumla 27. Familia inaweka saba ya chakula na kuuza 20 kwa sh. 80,000 kila moja. Inapata sh. 1,600,000. Gharama za kulima hadi kusafirisha kwa msimu unaofuata ni sh. 1,500,000. Inabaki sh. 100,000 na magunia saba ndani. Maana yake ni kwamba mwaka wa kwanza mpunga hauwezi kurudisha mtaji. Na maji yakija vibaya, hata hiyo laki moja haipo.

Hesabu hii haimkatazi mtu kuhama. Inamwambia aje na mtaji wa misimu miwili badala ya mmoja, na asitegemee zao moja. Wenyeji wenye nafuu huwa na mpunga bondeni, ufuta na mihogo sehemu ya juu, na mikorosho kama akiba ya muda mrefu. Ufuta hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne na haudai mafuriko. Mkorosho huanza kuzaa takriban mwaka wa tatu, hivyo anayeupanda leo hapaswi kuuhesabu katika chakula cha mwakani.

Hasara nyingine ambayo wageni huisahau ni wanyama. Ngorongo iko upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019 kutoka sehemu ya pori la Selous. Tembo na viboko hawajui mipaka ya shamba. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, lakini jina lenyewe linaeleza: ni kifuta jasho, si fidia ya thamani ya zao. Shamba la pekee mbali na mashamba ya wengine ndilo linaloliwa kwanza. Bora kulima kwenye safu na majirani, mkalinda kwa zamu.

Ardhi ya kijiji haina dalali

Sehemu kubwa ya ardhi inayozungumzwa hapa ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Chini ya sheria hiyo, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Vilevile, mwanakijiji anayemwuzia mgeni haki yake lazima apate kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Karatasi iliyoandikwa na muuzaji, shahidi mmoja na dalali chini ya mwembe haitoshi, hata ikiwa na mhuri.

Kwa hiyo mgeni adai kuona muhtasari wa mkutano ulioidhinisha ardhi yake, aandikwe kwenye daftari la ardhi la kijiji na aombe hati ya haki miliki ya kimila. Aulize pia kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi chini ya Sheria Namba 6 ya mwaka 2007. Mpango huo ndio unaoonyesha eneo la kilimo, la malisho, la msitu na njia za mifugo. Ukinunua ekari kumi ndani ya njia ya mifugo, umenunua kesi.

Kwa wanaoshuka hadi delta ya Kibiti kutafuta mashamba ya mpunga, onyo ni kubwa zaidi. Misitu ya mikoko ya delta, yenye ukubwa wa takriban hekta 53,000, ni hifadhi ya Serikali na sehemu ya ardhioevu iliyotambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar mwaka 2004. Kukata mikoko ili kupanda mpunga ni kosa. Isitoshe, shamba la aina hiyo hudumu misimu michache tu kabla ya chumvi na magugu kulishinda.

Funzo la wahamiaji waliotangulia

Rufiji imeshaona uhamiaji uliofanyika bila maandalizi. Mwaka 2006 na 2007, Serikali ilipowaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu mkoani Mbeya ili kunusuru maji ya mto Ruaha Mkuu, wengi wao, Wasukuma na Wabarbaig, walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, Rufiji ikiwamo. Walifika na maelfu ya ng'ombe katika vijiji ambavyo vingi havikuwa na maeneo ya malisho yaliyopimwa, visima vya mifugo wala majosho. Mifugo ikaingia mashambani, na wakati wa mlau ndipo mashamba ya bondeni yanapokuwa ya kijani kuliko kila kitu kinachoizunguka. Mei 2012 mji wa Ikwiriri ulikumbwa na vurugu kubwa kati ya wakulima na wafugaji.

Kosa halikuwa la mkulima peke yake wala la mfugaji peke yake. Watu walihamishwa kabla ya ardhi kupangwa. Anayehamia leo kwa hiari yake ana nafasi ambayo wafugaji wale hawakuwa nayo: ya kuuliza kabla ya kufika.

Jambo jingine ni usalama na kuaminiana. Kati ya mwaka 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa katika eneo la Kibiti na Rufiji. Biashara zilidorora na baadhi ya familia zilihama. Hali ilitulia, lakini kumbukumbu imebaki. Mgeni asishangae akiulizwa maswali mengi. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa alikotoka, na kujiandikisha kwa mwenyekiti wa kitongoji siku za mwanzo, humpunguzia mengi.

Kwa mfanyabiashara mdogo

Wapo wasiotaka kulima bali kununua na kuuza. Hao wajue kwamba korosho na ufuta mkoani Pwani huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unawekwa ghalani na kuuzwa mnadani. Anayezunguka vijijini na kibaba kununua korosho kabla ya msimu, biashara iitwayo kangomba, anavunja utaratibu na anahatarisha mtaji. Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa sh. 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa mashamba, na walionunua kwa kangomba walijikuta wameshika mzigo usio na shamba la kuuelezea.

Nafasi zaidi iko kwenye mpunga na mchele, samaki wakavu, mboga za kiangazi, vifaa vya kilimo na huduma kama kukoboa na kusafirisha. Mwenye mizani halali na asiyenunua kwa lumbesa hupata wateja wa kudumu. Soko la karibu ni Kibiti na Ikwiriri, kando ya barabara kuu. Delta ina njia yake: gati la Nyamisati, ambako kivuko cha MV Kilindoni hufanya safari za Mafia.

Tahadhari ni moja. Miaka ya ujenzi wa bwawa, kuanzia 2019, ilileta wateja wenye mishahara katika njia ya Mloka. Ujenzi umekwisha. Anayefungua duka leo ahesabu mifuko ya wakulima, ambayo hujaa baada ya mavuno na kukauka kati ya Novemba na Machi. Duka linalokopesha miezi hiyo bila daftari zuri halioni Julai.

Na maisha yenyewe

Wengi hutaja utulivu, chakula kisichonunuliwa na hewa safi. Hayo yapo. Lakini bonde ni makazi ya mbu, na kichocho kipo kwenye maji yaliyotuama. Habari njema ni kwamba Rufiji ni moja ya wilaya zilizoonyesha nchi kwamba huduma za msingi huokoa watoto. Mradi wa TEHIP, uliofanyika Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ulisaidia halmashauri kupanga bajeti ya afya kufuata magonjwa yanayoua zaidi, na vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka mitano. Chandarua, dawa sahihi na kufika zahanati mapema vilifanya kazi, na hadi leo ndivyo vinavyofanya kazi.

Kwa mzazi, makazi mawili yana swali gumu: nani anabaki kijijini na watoto wa shule wakati wengine wako dunguni? Familia isiyo na bibi, shangazi au jirani wa kuaminika huishia kuwatoa watoto darasani wakati wa kulinda ndege. Jambo hili lipangwe kabla ya mbegu.

Kinachotakiwa

Wilaya na wasimamizi wa bwawa wana wajibu wao. Mkulima wa bondeni anahitaji kupata, kupitia ofisi ya kata na redio, taarifa ya mapema ya kiasi cha maji yatakayoachiwa na lini. Taarifa ya wiki mbili inaweza kuokoa mpunga uliokomaa, mifugo na hata watu. Vijiji navyo vinahitaji mipango ya ardhi iliyokamilika kabla wageni hawajawa wengi kuliko ramani.

Kwa anayekusudia kuhama, ushauri ni rahisi. Asiuze kila alichonacho mjini. Atangulie mtu mmoja wa familia, akodi ekari moja, alime mpunga na mlau wa mwaka mmoja, aone maji yakija na yakiondoka. Kodi ya ekari moja kwa mwaka ni ada ndogo ya shule. Baada ya hapo atajua shamba lipi la kununua, na la kuacha.